Picha Ikikosa Jibu, Lini Tezi Dume Ichukuliwe Kinyama?

Kila Desemba, mabasi ya Dar es Salaam yanapoanza kuwarudisha Wachaga kwao, mezani huwa kunasubiri mazungumzo yaleyale: mpaka wa kihamba cha ukoo, ada za watoto, afya ya wazee. Mwaka juzi zamu ilikuwa ya baba mdogo, kule Marangu. Tulipomaliza kula aliingia chumbani akarudi na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na karatasi ya utrasaundi, majibu ya damu, na risiti mbili za duka la dawa.

"Mwanangu, wewe ndiye msomaji," akaniambia. "Daktari anasema picha haikuonyesha vizuri, huenda nikahitaji kuchukuliwa kinyama cha tezi kwa sindano, kikapimwe maabara. Jirani anasema nikichomwa tu, nimekwisha. Nimsikilize nani?"

Bahasha ya namna hiyo imo katika nyumba nyingi kuanzia Rombo mpaka Machame, na zaidi ya hapo, kwa sababu saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Dunia nzima, mwaka 2020 peke yake, wanaume wapatao milioni 1.4 waligundulika kuwa nayo. Swali la baba mdogo linastahili jibu lenye uzito, na jibu ninalolitetea ni hili: picha yenye utata haitoshi kumpeleka mtu kwenye sindano, na haitoshi kumwepusha nayo. Inabidi isomwe pamoja na damu, ukubwa wa tezi, kidole cha daktari, umri wa mtu, na kile ambacho yeye na familia yake wako tayari kufanya majibu yakitoka.

Kwanza, ni picha gani? Mitaani tunasema "picha" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa wengi wanaoteremka mlimani kwenda Mawenzi, KCMC au hospitali za Kibosho, Kilema na Machame, picha ya kwanza ni utrasaundi ya tumboni. Unakunywa maji mpaka kibofu kijae, unapakwa mafuta baridi chini ya kitovu, kifaa kinapita juu yake. Kipimo hiki kina kazi yake na kinaifanya vizuri. Kinapima ukubwa wa tezi, kinaonyesha mkojo unaobaki baada ya kukojoa, na kinatazama kama figo zimeanza kujaa maji. Hakikutengenezwa kutofautisha tezi iliyokua kwa uzee na tezi yenye saratani. Saratani nyingi changa huonekana humo sawa kabisa na nyama inayozizunguka. Kwa hiyo karatasi ikisema "ndani ya tezi hakuko sawasawa," imesema jambo linalokutwa kwa wazee wengi wasio na saratani. Na ikisema "hakuna kasoro," haijamsafisha mtu. Hapa ndipo watu wengi hukosea: mzee anarudi nyumbani na karatasi safi ya utrasaundi, anaamini amepona, na wala damu hajapima.

Utrasaundi inayopitishwa njia ya haja kubwa huiona tezi kwa karibu zaidi, lakini nayo haiwezi kuapa. Thamani yake kubwa ni kupima ukubwa kwa usahihi na kuiongoza sindano ikibidi.

Tuje kwenye damu. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, iwe nzima au mbovu. Tezi kubwa hutoa nyingi. Tezi yenye maambukizi hutoa nyingi zaidi. Mkojo ukiziba ghafla hadi mtu akawekewa mpira, kipimo kitapanda, na kukutana na mke siku moja au mbili kabla kunaweza kukiinua kidogo. Wapo pia wanaoshushiwa: dawa ya finasteridi, wanayopewa wazee wengi kupunguza tezi, hukata PSA karibu nusu mtu akiitumia kwa miezi 6 hadi 12. Mzee anayeimeza akipata 4, daktari anayejua ataisoma kama 8. Asiyeambiwa ataisoma kama 4 na kumwambia aende kwa amani.

Hapo zile risiti zilinifumbua macho. PSA ya baba mdogo ilikuwa 7.2. Risiti moja ilikuwa ya siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, imenunuliwa siku mbili kabla ya kutolewa damu. Nilipomuuliza alikiri kwamba wiki ile mkojo ulikuwa unamuunguza na usiku alikuwa na homa. Hakumwambia daktari kwa sababu hakuulizwa, na duka la dawa lilimpa vidonge bila cheti. Yaani ile 7.2 ilipimwa tezi ikiwa katikati ya maambukizi. Kipimo cha siku hiyo hakimwambii mtu kitu cha kutegemea. Utaratibu ni kutibu maambukizi mpaka yaishe, kusubiri wiki 6 hivi, kisha kupima tena, ikiwezekana maabara ileile. Wanaume wengi ambao PSA yao imepanda kiasi hukuta imeshuka wanaporudia. Kurudia kipimo cha damu ni rahisi kuliko kurudia picha, na mara nyingi kunafundisha zaidi.

Lakini PSA ya chini nayo si hati ya usalama. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2004 uliwachukua kinyama wanaume ambao PSA yao haikuwahi kuzidi 4, na kati ya kila 100, 15 walikutwa na saratani, nyingi za daraja la chini. Namba ya damu ikisimama peke yake hudanganya pande zote mbili.

Inapopata nguvu ni inapogawanywa kwa ukubwa wa tezi. Madaktari wanaita msongamano wa PSA, na hapa ile utrasaundi iliyodharauliwa inarudi na heshima yake, maana ndiyo yenye vipimo. Chukua urefu, upana na kimo cha tezi kwa sentimita, zidisha, kisha zidisha kwa 0.52. Karatasi ya baba mdogo iliandika 5.2, 4.8 na 5.4. Jibu ni mililita 70, tezi kubwa maradufu na zaidi ya ile ya kijana. Gawanya 7.2 kwa 70, unapata 0.10. Sasa mfikirie mzee mwingine wa rika lake, wa Kibosho, mwenye PSA hiyohiyo ya 7.2, ila tezi yake ni 4.0 kwa 3.6 kwa 4.0, yaani mililita 30. Huyo anapata 0.24. Mpaka unaotumiwa na wengi ni 0.15. Wazee wawili, damu ileile, karatasi zote mbili za picha zikisema "hatuna hakika," lakini wa Kibosho ana sababu nzito ya kuchukuliwa kinyama, na baba mdogo ana sababu nzuri ya kurudia damu kwanza. Hesabu hiyo hufanywa kwa simu ya kitochi, bila gharama yoyote, na naamini ingepaswa kuandikwa chini ya kila karatasi ya utrasaundi ya tezi dume inayotoka hospitalini.

Kuna kidole pia, kipimo ambacho wanaume wetu wanakiogopa kuliko kisu. Nitakisema wazi. Kunja ngumi, kisha bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba: ndivyo tezi isiyo na shida inavyohisika. Halafu bonyeza fundo la kidole chenyewe. Ugumu wa namna hiyo, hasa ukiwa upande mmoja, ndio daktari anaoutafuta. Kipimo huchukua chini ya dakika moja. Kidole hakifiki upande wa mbele wa tezi, kwa hiyo tezi kuwa laini hakutoshi kumtuliza mtu. Lakini kidole kikikuta kinundu kigumu, mjadala wa picha unakuwa umekwisha: mtu huyo anahitaji kinyama hata kama PSA ni ndogo na picha haikuona lolote. Serikali na madaktari wamejitahidi kuwaeleza wanaume kwamba kipimo cha kuanzia ni damu, na hilo limewaleta wengi kliniki. Nahofia tu kwamba kwa kukazania damu tumewafanya waamini kidole hakina kazi tena. Bado kinayo.

Wachache wenye uwezo, au wenye watoto Nairobi na Ughaibuni, hufika kwenye picha ya MRI. Hiyo ni ya daraja jingine. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, uliohusisha wanaume 576, ulionyesha kwamba MRI ilibaini asilimia 93 ya saratani zenye hatari, wakati uchukuaji wa kinyama wa kawaida ulibaini asilimia 48 tu. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine wa wanaume 500 ulionyesha kwamba walioanza na MRI walikutwa na saratani yenye hatari kwa asilimia 38, dhidi ya asilimia 26 ya wale waliochomwa moja kwa moja, na zaidi ya robo yao hawakuhitaji sindano kabisa. Baada ya hapo, nchi nyingi tajiri ziliifanya MRI kuwa mlango wa kuingilia.

Nayo ina ukungu wake. Majibu huandikwa kwa alama 1 hadi 5. Alama 1 na 2 ni shwari, 4 na 5 zinadai kinyama. Alama 3 maana yake msomaji wa picha hajui. Kati ya wanaume 10 wanaopewa 3, mmoja au wawili hukutwa na saratani yenye hatari. Hapa ndipo msongamano wa PSA unapoamua: mwenye 3 na msongamano mdogo, kidole kikiwa laini na ukoo ukiwa hauna ugonjwa huo, anaweza kufuatiliwa kwa damu. Msongamano ukivuka 0.15, achukuliwe. Kabla ya hapo, kuna hatua moja ambayo familia nyingi huiruka: omba picha zenyewe kwenye diski, umpelekee mtaalamu wa pili anayesoma tezi dume mara kwa mara. Wasomaji hutofautiana sana kwenye alama 3. Wakati mwingine tatizo ni picha: mgonjwa alitikisika, utumbo ulijaa gesi, nyonga ina chuma, au mashine haikupangwa kwa ajili ya tezi dume. Picha mbovu hairekebishwi kwa sindano. Inasomwa upya au inapigwa upya.

Lazima niseme na jambo linalonikera kwenye takwimu hizo nzuri. Wanaume wa tafiti hizo karibu wote waliishi Ulaya na Amerika Kaskazini, na wengi wao walikuwa Wazungu. Uingereza kwenyewe, mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hugundulika na saratani ya tezi dume maishani, wakati kwa wanaume wote kwa jumla ni mmoja kati ya wanane. Mipaka iliyowekwa kwa watu wengine nitaipokea kwa sababu ndiyo tuliyo nayo, lakini mzee wa Kilimanjaro mwenye 0.13 na kaka aliyekufa kwa ugonjwa huu sitamwambia yuko chini ya mstari. Baba, kaka, na hata mama au dada mwenye saratani ya matiti, wote wahesabiwe. Na sisi Wachaga, tunaojua mpaka wa kila kihamba, mara nyingi hatujui babu alikufa kwa nini. "Mkojo ulimziba" ni jibu la kufuatilia.

Basi kinyama chenyewe huchukuliwaje? Mgonjwa hulazwa kwa ubavu au chali, anachomwa ganzi, utrasaundi inaiongoza sindano nyembamba. Kila ikirushwa unasikia "tak!" kama stepla ya ofisini. Inatoka na uzi wa nyama mweupe, urefu wa kucha au zaidi kidogo, unaotumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini chenye jina. Kwa kawaida huchukuliwa nyuzi 12, na nyongeza kutoka pale palipotiliwa shaka. Siku chache mkojo huwa na damu, na shahawa hubaki na rangi ya kutu kwa wiki kadhaa. Hayo hayatishi. Kinachotisha ni maambukizi, hasa sindano ikipitia njia ya haja kubwa, maana bakteria wa utumbo husukumwa hadi kwenye tezi na wakati mwingine kwenye damu. Dawa iliyozoeleka kuwakinga wagonjwa ni ileile siprofloksasini inayouzwa madukani kama peremende. Mzee aliyeimeza mara tatu mwaka huu amewazoesha bakteria wake. Amwambie daktari kabla, ili abadilishiwe dawa au achomwe kupitia ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, njia ambayo maambukizi yake ni machache. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu naye aseme. Na homa yoyote baada ya hapo ni ya kurudi hospitali usiku huohuo, bila kusubiri basi la asubuhi.

Na lile la jirani, kwamba ukichomwa saratani inasambaa? Sindano kuacha chembe za saratani njiani kumewahi kuandikwa na madaktari, lakini ni nadra mno kuwa sababu ya kukataa kipimo. Simlaumu jirani, ameona kwa macho yake. Wanaume wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaingia mifupani. Wanachukuliwa kinyama Machi, wanazikwa Agosti, na kijiji kinaunganisha sindano na jeneza. Kilichowaua kilikuwa kimeanza kazi miaka mingi kabla ya sindano.

Kwa sababu ya kuchelewa huko, mizani yetu haiwezi kulala sawa na ya London. Kule wasiwasi mkubwa ni kuwachoma watu wengi mno na kufukua saratani ndogo ambazo zisingewadhuru. Wasiwasi huo ni wa kweli. Utafiti mwingine wa Uingereza uliwafuatilia wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijasambaa, na baada ya miaka 15 waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa takriban 3 kati ya 100, wawe walifanyiwa upasuaji, walipata mionzi, au walifuatiliwa tu. Huku kwetu wasiwasi wa kwanza ni yule anayefika na mgongo unaouma. Kwa mwanamume wa miaka 55 hadi 70 mwenye nguvu zake, mwenye dalili zinazogongana na picha isiyoeleweka baada ya damu kurudiwa, mimi nauelekeza mzani kwenye kinyama.

Wapo wasiohitaji. Mzee wa miaka 85 mwenye moyo dhaifu, PSA ya 9, asiye na maumivu, atasumbuliwa na sindano kuliko na ugonjwa. Swali la kumuuliza daktari ni moja: tukipata jibu, tutafanya nini tofauti? Likikosa jibu, apumzike. Upande wa pili yuko mwenye PSA ya mamia, tezi ngumu kama jiwe, mifupa inayouma. Kwake ugonjwa umeshajitangaza, na kinyama huja kuthibitisha na kupanga tiba. Miguu ikianza kufa ganzi au kulegea, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Matibabu ya kukata homoni, mara nyingi kwa kuondoa korodani, yanaweza kuanza kabla ya majibu ya maabara.

Tuna bahati ya mahali. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia kanda yote ya kaskazini, ina taasisi yake ya magonjwa ya mfumo wa mkojo iliyofundisha mabingwa wa nchi nyingi za Afrika Mashariki, na tangu 2016 ina kituo cha saratani. Kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Bingwa yupo karibu. Kinachotuangusha ni kutorudi kumwona.

Neno "kusubiri" ndilo ninaloliogopa zaidi katika suala hili. Daktari akisema tusubiri, anamaanisha damu kila baada ya miezi sita, na namba ikipanda mfululizo, kinyama. Mzee anaporudi Mwika au Tarakea anasikia kwamba hana ugonjwa. Desemba watoto wote wapo, kila mmoja anachanga. Ikifika Juni nauli ya mzee haina mwenyewe. Kwa mtu ambaye kwa uhakika hatarudi, kusubiri hakupo, na ni bora achukuliwe kinyama sasa kuliko kuandikiwa ufuatiliaji ambao hautafanyika. Ninyi mlio mbali, mkituma pesa ya sukari kwa simu, tumeni na tarehe.

Baba mdogo alirudia damu Februari, maambukizi yakiwa yameisha. PSA ilikuwa 4.9, msongamano 0.07, na kidole, alichokikubali baada ya mabishano ya nusu saa, hakikukuta kinundu. Hakuchukuliwa kinyama. Agosti alipima tena, ikawa 5.0. Tarehe inayofuata ameiandika kwa kalamu nyekundu juu ya ile bahasha ya kaki, na binti yake wa Dar es Salaam anayo kwenye simu.